Kutembelea Dar es Salaam ya Kale kwa Asubuhi Moja: Kutoka Old Boma hadi Feri

Maswali ni yaleyale kila mara. Naanzia wapi? Lazima niwe na mwongozaji? Watoto wataweza? Na lile ambalo watu huliuliza kwa kusitasita: kwani mjini Posta kuna nini cha kuona zaidi ya maghorofa na foleni? Nimeandika haya kwa ajili yako unayeuliza hivyo, uwe umeshuka juzi kutoka Mbeya au umepanda daladala za Posta miaka nenda rudi bila kuinua macho juu ya vibao vya maduka.

Mji wa kale wa Dar ni mdogo. Unatembeka kwa miguu, karibu kilomita nne, kwa saa tatu au nne pamoja na vituo vyake. Kinachowashinda wengi ni mpangilio. Wanaruka kutoka makumbusho kwenda soko la samaki, wanarudi kanisani, na mwisho wa siku wana picha nyingi ila hawajui nini kilitangulia nini. Fuata mji jinsi ulivyojengwa: kwanza Sultani, kisha Mjerumani, kisha Mwingereza, kisha sisi wenyewe. Bahati nzuri, majengo yenyewe yamekaa takriban kwa mpangilio huo.

Historia kidogo ya kuanzia

Palikuwa na kijiji cha wavuvi kikiitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji mpya kando ya bandari hii iliyofichwa na bara. Alifariki mwaka 1870, na mdogo wake Barghash aliyemrithi hakuuendeleza. Kampuni ya Wajerumani iliingia mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa hapa kutoka Bagamoyo. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, Uhuru ukaja 1961. Mengine utayasikia njiani.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

- Viatu vilivyokwishazoea mguu. Njia za waenda kwa miguu hukatika ghafla, na vifuniko vya mitaro si vyote vya kuaminika.
- Maji, kofia, na mwavuli mdogo unaofaa jua na mvua.
- Kitambulisho cha taifa. Kiingilio cha raia kwenye makumbusho ni kidogo kuliko cha mgeni, na bila kitambulisho utabishana bure dirishani.
- Noti ndogondogo, za maji, dafu, kahawa na sadaka.
- Nguo inayofunika mabega na magoti, kwa kuwa utaingia makanisani. Mtandio au kanga kwenye begi humaliza tatizo.
- Simu yenye chaji, na mfuko wa ndani wa kuiweka.

Siku nzuri ni Jumamosi au siku yoyote ya kazi, asubuhi. Jumapili mitaa huwa mitupu, maduka yamefungwa, na makanisa yamo ibadani. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye upepo mzuri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, nenda kama huna budi, lakini ujue mvua ya Dar ikishuka, mitaa ya katikati hugeuka mito.

Kumpata mwongozaji

Unaweza kwenda peke yako. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza nakushauri utafute mtu anayejua, maana majengo mengi hayana maelezo ukutani, na yaliyo nayo yanasema nusu tu. Pa kuanzia kuuliza ni Old Boma, ambako kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo, au kampuni ya utalii yenye leseni.

Kubalianeni mambo manne kabla ya siku yenyewe, na myaandike kwenye ujumbe wa simu: bei ni ya kundi au ya mtu mmoja; viingilio vimo ndani ya bei au la; mtatembea kwa muda wa saa ngapi; na lugha. Hili la lugha watu hulisahau. Waongozaji wengi wamezoea kueleza kwa Kiingereza, na hata ukiwa Mswahili mwenzake, mwongozaji bado ataanza kukukaririria maneno ya Kizungu. Mwambie mapema unataka Kiswahili, na utaona hadithi zinavyofunguka.

Mpime kwa swali moja: "Pale kwenye Sanamu ya Askari, kabla ya sanamu hii, palisimama sanamu ya nani?" Akijua, mchukue. Jibu liko hatua ya tano.

Usimfuate kijana anayekudaka nje ya gati la boti za Zanzibar akisema yeye ndiye mwongozaji rasmi. Mwongozaji wa kweli ana kitambulisho na haogopi kukionyesha.

Hatua kwa hatua

1. Saa 2 asubuhi, uwe Old Boma.
Ukija na mwendokasi, shuka Posta ya Zamani urudi nyuma kwa miguu hadi makutano ya Barabara ya Morogoro na Sokoine Drive. Old Boma ni jengo jeupe la kizamani linalotazamana na upande wa boti za Zanzibar. Lilijengwa zama za Majid, miaka ya 1860, kwa ajili ya wageni wake.

Usikimbilie ndani. Simama mlangoni kwanza uuangalie mlango wenyewe, ubao mzito wenye nakshi za Kizanzibari. Kisha angalia unene wa kuta. Hayo ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake za asili zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Ukishalijua hilo hapa, utaweza kuitambua nyumba ya zama hizo popote, hata Bagamoyo au Kilwa, bila kuambiwa na mtu.

Ndani kuna maonyesho ya jinsi Dar ilivyokua. Yapitie taratibu, hasa ramani, kwa sababu ndiyo itakayokuongoza asubuhi nzima. Tafuta mji ulivyogawanywa: Uzunguni upande wa mashariki baharini, Uhindini katikati, Uswahilini ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja haukubaki wazi kwa bahati. Watawala waliutaka uwe mpaka kati ya Waafrika na wengine. Shika hilo kichwani.

2. Nyumba ya Atiman.
Fuata Sokoine Drive kuelekea mashariki, bandari ikiwa mkono wako wa kulia. Hii nayo ni ya miaka ya 1860, ya Majid, na baadaye ikawa mikononi mwa wamisionari wa White Fathers. Wengi huipita bila kuijua. Utaitazama kwa nje tu, na inatosha.

Usikilize habari ya mwenye jina. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea utabibu Malta, kisha akaletwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Nyumba iliyojengwa na Sultani leo inaitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuuzwa sokoni. Mwongozaji akiipita nyumba hii bila kusema neno, mrudishe.

3. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu.
Ujenzi ulianza 1897, ukakamilika 1902. Ingia kama hakuna misa, vua kofia, zima sauti ya simu. Kaa kwenye benchi dakika tano macho yapoe na jua la nje, ndipo utaviona vioo vya rangi nyuma ya altare na matao yanavyopanda. Picha piga baada ya kuomba ruhusa, na usimpige mtu anayesali.

4. Azania Front.
Kanisa la Kilutheri, la 1898 hadi 1902, lenye paa la vigae vyekundu na mnara unaotazama bandari. Lione kwanza kwa mbali, kutoka ng'ambo ya barabara upande wa maji. Walioyajenga makanisa haya mawili walitaka mtu aliye melini aone, kabla hajashuka, kwamba amefika kwenye mji wao. Sasa maghorofa ya vioo yameyazidi kimo, lakini ukisimama mahali sahihi bado unaelewa walichokusudia.

5. Sanamu ya Askari.
Panda Mtaa wa Azikiwe, ukipita hoteli ya New Africa, mahali palipokuwa na hoteli ya Kaiserhof zama za Wajerumani, hadi unapokutana na Barabara ya Samora. Vuka kwa uangalifu sana. Mzunguko huu una magari yanayotoka kila upande, na watu wengi hurudi kinyumenyume barabarani wakitafuta picha. Piga picha ukiwa kando ya barabara.

Hapa ndipo jibu la lile swali lako. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha hapa sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza waliiondoa walipouteka mji, na ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1960. Mwaka 1927 ikawekwa hii ya shaba, kazi ya James Alexander Stevenson: askari Mwafrika na bunduki yenye singe, ameinama mbele, akielekea bandarini.

Soma maandishi ya chini. Yapo kwa Kiingereza, ambayo yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na kwa Kiswahili, cha herufi za Kilatini na za Kiarabu. Yanawataja askari, na yanawataja wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwombe mwongozaji akae hapo. Vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi hii vilipiganwa porini, mahali pasipo reli wala barabara, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda kichwani mwa mtu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Kariakoo, tunakokwenda kununua vitenge, ilikuwa kambi yao. Kwangu mimi hiki ndicho kituo kikubwa kuliko vyote asubuhi hii, na kinachonisikitisha ni kuwa watu hukipa dakika mbili.

6. Ukipenda, ingia Uhindini.
Kama miguu bado ina nguvu, zunguka nusu saa kaskazini mwa Samora: Mtaa wa Mosque wenye jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, ya mwaka 1930, kisha Kisutu kwenye mahekalu ya Wahindu. Angalia juu, ghorofa ya kwanza na ya pili, kwenye roshani na tarehe zilizochongwa kwenye paji la jengo. Hapa pia ndipo pa kunywa chai ya maziwa na kula sambusa. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya upande huu hufungwa mchana, kwa hiyo kula kabla.

7. Samora mpaka Bustani na Karimjee.
Rudi Samora, uelekee mashariki. Waingereza waliiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na sasa ina jina la Samora Machel. Tembea upande wenye kivuli.

Bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara ya koloni. Leo imebaki kipande, lakini miti yake mikubwa ndiyo kivuli bora katikati ya jiji. Pumzika. Jirani yake ni Karimjee, ukumbi ambamo Bunge letu lilikuwa likikutana kabla ya Dodoma.

8. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.
Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Usijaribu kuona kila kitu, utachoka na kuudhika. Chagua vitatu: habari za Zinjanthropus (fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959), chumba cha historia ya ukoloni, na magari ya viongozi, ambayo watoto huyapenda kuliko yote. Uani kuna kumbukumbu ya waliouawa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani mwaka 1998. Pita hapo kwa utulivu, ndugu zao bado tunaishi nao mjini.

9. Ocean Road.
Hospitali ya kijerumani ya 1897, yenye vikuba vyeupe, ikitazama bahari. Daktari Mjerumani Robert Koch alifanya utafiti wake wa malaria Dar es Salaam wakati huohuo. Hospitali hii ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, na ndiyo maana Muhimbili hadi leo kuna jengo la Sewahaji.

Leo Ocean Road ni taasisi ya saratani. Itazame kutoka barabarani. Ndani wamo wagonjwa na waliowasindikiza, si mahali pa kuzurura na kamera.

10. Malizia Feri.
Chukua teksi au bajaji kufuata Barabara ya Barack Obama, au tembea kama jua si kali. Utapita upande wa Ikulu. Nyumba ya gavana wa Kijerumani iliyokuwa pale ilipigwa mizinga na meli za Uingereza mwishoni mwa 1914, ikajengwa upya mwaka 1922. Simu yako ibaki mfukoni kipande chote hiki.

Feri, simama karibu na soko la samaki uangalie mlango wa bandari. Ni mwembamba kiasi kwamba Agosti 1914 Wajerumani walizamisha chelezo chao cha kuelea humo ili kuzuia meli za adui. Meli za makontena hupita papo hapo siku hizi, karibu na vivuko vya Kigamboni. Kisha nunua samaki wa kukaanga na muhogo, ule umekaa.

Makosa yanayojirudia

Kubwa ni picha. Ikulu, bandari, vivuko, polisi, jeshi na walinzi wao usivielekezee kamera, hata kama unajipiga wewe mwenyewe na vipo nyuma yako. Hii si ya kujadiliana.

La pili ni kuchelewa kuanza. Ukianza saa 4, utafika Askari jua la utosi, na baada ya hapo husikii tena anachosema mwongozaji, unatafuta kivuli tu.

La tatu ni kusikiliza majina ya watawala peke yake. Kila ukiambiwa "Mjerumani alijenga", uliza mawe yalitoka wapi, nani aliyabeba, na nani hakuruhusiwa kuingia. Mwongozaji mzuri atafurahi kuulizwa.

Na usitembee umeshika simu mkononi ukingoni mwa barabara. Waporaji wa pikipiki hawahitaji zaidi ya sekunde moja.

Mambo yakienda kombo

*Mwongozaji hajatokea.* Mpe nusu saa, huku ukiangalia maonyesho ya Old Boma. Kisha uliza hapohapo kama kuna mwingine, au endelea na hatua hizi mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo usilipe fedha yote kabla. Toa kianzio kidogo, kilichobaki ukimalizia Feri.

*Kanisa limefungwa au kuna harusi.* Jumamosi hutokea sana. Usijipenyeze kati ya watu. Tazama nje, nenda Azania Front, kisha rudi Mtakatifu Yosefu baadaye.

*Mvua imekunyeshea.* Ruka moja kwa moja hadi Makumbusho, umalize ya ndani kwanza, halafu rudi Askari mvua ikikatika. Mpangilio utavurugika, lakini ni afadhali kuliko kuvuka mitaro iliyofurika.

*Mlinzi amekusimamisha kwa sababu ya picha.* Salimia, simama, usibishane na usikimbie. Mwambie ulikuwa unatembelea mji, mwonyeshe picha, na akitaka uifute, ifute mbele yake. Ukiwa na mwongozaji, mwache yeye azungumze.

*Watoto au wazee wamechoka.* Katisha Bustanini, wape maji na dafu, kisha panda teksi moja kwa moja hadi Feri. Makumbusho na Ocean Road vitafaa siku nyingine.

*Mtu amejiunga nanyi njiani na mwisho anadai malipo.* Mkataeni mapema, kwa heshima: "Asante kaka, tuna mwenyeji wetu." Ukimwacha afuatane nanyi hadi kituo cha tatu, atadai, na mbele ya watu ni vigumu kukataa.

*Mwongozaji anakukimbiza ili awahi kundi jingine.* Mkumbushe ujumbe mliotumiana wenye idadi ya saa. Kama bado anaharakisha, mwombe akupe muda kamili Old Boma na Askari, na vingine mvipite haraka. Hivyo viwili ukivikosa itabidi urudi.